Kijana wangu anabeba ngazi tu: ni mwanagenzi au kibarua?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Gungu hapa Kigoma, nauza samaki, mgebuka. Kijana wangu wa kwanza ana miaka 17. Alimaliza kidato cha nne mwaka jana na matokeo hayakuwa mazuri. Tangu mwezi wa tatu yuko kwa fundi umeme mmoja maeneo ya Mwanga. Kazi yake ni kubeba ngazi, kutindua kuta na kutumwa dukani. Siku nyingine anapewa elfu mbili, siku nyingine hapewi kitu. Binamu yake aliyehamia Marekani anasema huko ameandikishwa uanagenzi wa umeme, analipwa huku anajifunza, na mwisho atapata cheti. Utaratibu huo ukoje, na sisi tunao? Nimtoe kwa fundi nimpeleke chuo? Mdogo wake wa kike naye anataka kumfuata huko huko kwenye umeme.

Jibu: Marahaba, mama. Swali lako nimelisoma mara mbili, kwa sababu hiyo kazi anayoifanya mwanao niliifanya mimi miaka mitatu mjini Tabora kabla sijaruhusiwa kufunga hata swichi moja. Fundi wangu hakuwa mtu mbaya. Alinilisha, alinipa nauli, na nilipougua malaria alinipeleka hospitali. Lakini hakuna siku aliyokaa chini akaniambia, mwezi huu utajifunza jambo hili. Nilichokipata nilikiiba kwa macho. Na mwisho wa miaka mitatu, nilipoulizwa una nini cha kuonyesha, sikuwa na kitu mkononi. Ndiyo maana nitakujibu kwa urefu.

Nianze na huyo binamu. Marekani wana sheria ya nchi nzima ya uanagenzi tangu mwaka 1937, na jimbo la Wisconsin lilitangulia kutunga yake mwaka 1911. Wanaposema uanagenzi ulioandikishwa, maana yake ni kwamba mwajiri, au waajiri kwa pamoja na chama cha wafanyakazi, wameandika mpango mzima wa jinsi watakavyomfundisha kijana, wakaupeleka Wizara ya Kazi au ofisi ya jimbo inayohusika, ukakaguliwa na kusajiliwa. Halafu kila kijana anayeingia anasaini mkataba wake, nao unaandikishwa. Kama hajafika miaka 18, mzazi au mlezi anasaini pamoja naye.

Ndani ya mpango huo kuna orodha ya kazi atakazopitia, moja baada ya nyingine, na saa zinazokadiriwa kwa kila moja. Kiwango cha chini ni saa 2,000 za kazini, yaani kama mwaka mmoja wa kwenda kazini kila siku. Juu yake kuna darasa: inashauriwa lisipungue saa 144 kwa mwaka, mara nyingi jioni, ambako anafundishwa hesabu za fani, michoro, kanuni za usalama. Kwa umeme wa majengo ni kawaida kukuta saa 8,000 za kazini, ndiyo maana binamu yake atakaa humo miaka minne au mitano. Muda wote huo yuko chini ya fundi kamili aliyepewa jukumu la kumsimamia, na kuna kikomo cha wanagenzi wangapi wawe chini ya mafundi wangapi, ili asije akaachiwa kazi peke yake kabla ya wakati.

Malipo nayo yameandikwa. Wengi huanza na karibu nusu ya ujira wa fundi kamili, pengine chini kidogo ya hapo, na hupanda ngazi kwa ngazi kadiri saa zinavyotimia na anavyofaulu mitihani. Mwanzoni kuna kipindi cha matazamio kisichozidi mwaka mmoja wala robo ya mafunzo yote, ambacho upande wowote unaweza kuvunja mkataba bila maelezo. Kikipita, mwajiri hawezi kumfukuza bila sababu ya msingi. Akimaliza anapewa cheti kinachotambulika nchi nzima, ingawa leseni ya kufanya kazi ya umeme bado anaiomba kwenye mamlaka za jimbo au mji anakoishi.

Sasa kuna jambo ndani ya mpango huo ambalo watu wengi hawalioni, na ndilo litakalokusaidia ukienda kuongea na fundi wa Mwanga. Mwaka wa kwanza mwanagenzi ni hasara. Anavunja vitu, anapoteza muda, fundi anasimamisha kazi yake ili amwelekeze. Mwaka wa tatu mambo yamegeuka: anafanya kazi karibu sawa na fundi, na bado analipwa pungufu. Hapo ndipo mwajiri anarudisha alichokitumia. Mkataba unamhakikishia kwamba kijana hatakimbia akishaiva, na unamhakikishia kijana kwamba hataendelea kubeba ngazi akishaiva. Kila mmoja ana hofu yake, na karatasi inazijibu hofu zote mbili. Fundi wetu wa mtaani anabaki na hofu yake mwenyewe: nikimfundisha vizuri, kesho atafungua ofisi ng'ambo ya barabara na wateja wangu watamfuata. Mtu mwenye hofu hiyo haongei sana anapofanya kazi. Usimwone mchoyo, mama.

Je, sisi tunao utaratibu huo? Tunao, kwa vipande vipande.

Sheria ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi ya mwaka 1994 ndiyo iliyounda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, na VETA ina chuo hapa Kigoma. Mafunzo yake yana ngazi tatu, ya kwanza mpaka ya tatu, na kijana hupelekwa pia kazini kwa muda. VETA imewahi pia kuendesha uanagenzi wa pande mbili, chuo na kiwanda au hoteli vikigawana mwanafunzi mmoja kama Wajerumani wanavyofanya, lakini umefanyika zaidi kwenye miji yenye waajiri wakubwa. Mwaka 2017 Serikali ilitoa mwongozo wa uanagenzi, na kupitia wizara inayoshughulika na kazi na ajira imekuwa ikiwalipia vijana mafunzo ya miezi michache, mara nyingi sita, katika vyuo mbalimbali. Nafasi hizo hutangazwa kwa vipindi. Zikitangazwa hujaa upesi, kwa hiyo mwambie kijana awe na mazoea ya kupita chuoni na kwa afisa maendeleo ya vijana wa manispaa kuuliza, hata kama hana shughuli nyingine huko. Miezi sita haimtoi fundi kamili, lakini kwa aliyekwisha kushika kazi kwa mikono inajaza mashimo mengi.

Kipande kingine ni utambuzi wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Huu ni kwa wale waliojifunza kazini. Fundi wa maboti pale ufukweni Ujiji hana karatasi yoyote, na boti lake linakwenda Kongo na kurudi. Mtu kama huyo ndiye uliyebuniwa kwa ajili yake. Mwombaji anajaza fomu, anaonyesha ushahidi wa kazi alizofanya, anahojiwa na kupimwa kwa vitendo. Akionekana ana pengo anafundishwa hilo pengo tu, halafu anapewa cheti cha ngazi anayostahili. Fani zinazopimwa si zote kila wakati na kila chuo, hivyo aulize VETA kwanza.

Na kuna kipande cha nne ambacho sijawahi kumsikia mzazi akikitaja. Mwanao ana miaka 17, kwa hiyo mbele ya sheria bado ni mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ina sehemu inayozungumzia uanagenzi, hata ule wa mtaani usio na ofisi wala bango. Inaweka umri wa chini kuwa miaka 14. Inampa fundi wajibu wa kumfundisha na kulinda afya na usalama wake, inataka mzazi au mlezi aingie makubaliano na fundi, na inataka fundi atoe cheti cha kumwachia kijana anapomaliza. Kazi za hatari kwa aliye chini ya miaka 18 haziruhusiwi, na kwenye umeme ninaitafsiri hivi bila kulegeza: asiguse kitu chenye moto wa umeme, asipande nguzo, asiachwe juu ya paa peke yake. Kwa hiyo ukimwendea fundi na karatasi, hujaleta mambo ya Ulaya. Unaomba ambalo sheria ya nchi inalitarajia.

Kumwendea kwenyewe kuna namna yake. Usiende siku ana mteja. Usiende umenuna. Nenda jioni, na kama una mgebuka wawili watatu wa kumpelekea mkewe, si vibaya, wewe ni mzazi mwenzake. Mshukuru kwa kumpokea kijana, kwa sababu kweli amempokea. Na usianze na pesa. Ukianza na pesa atasikia kwamba umekuja kudai mshahara wa mtu ambaye bado anamtia hasara, na mazungumzo yatafia hapo. Anza na kujifunza: mwalimu wake, mpaka mwezi wa kumi na mbili unataka awe anaweza nini? Fundi wa kweli swali hilo litamfurahisha. Atakaa vizuri kwenye kiti, ataanza kuhesabu kwa vidole.

Anachokihesabu ndicho cha kuandika. Kwa nyumba ya kawaida orodha inakwenda hivi, na nakuandikia ili usije ukapewa maneno ya jumla. Kwanza vifaa na usalama: kuzima meinswichi, kuhakikisha kwa tesita kwamba kweli imezima, kutofanya kazi na mikono mibichi. Kisha kutindua ukuta, kulaza mabomba ya waya na maboksi. Hapo ndipo mwanao alipo sasa, na si pabaya kwa kuanzia, ila asibaki hapo. Kisha kuvuta waya na kujua kwa nini waya wa taa ni wa milimita za mraba 1.5 na wa soketi ni wa 2.5. Kisha kufunga swichi, soketi na taa, pamoja na ile taa inayowashwa chini ya ngazi na kuzimwa juu, ambayo huwasumbua wengi. Kisha kusoma mchoro wa nyumba na kupiga hesabu ya vifaa kabla ya kwenda dukani. Kisha kupanga sakiti breka, zile swichi zinazojikata umeme ukizidi. Kisha erthi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme uliovuja, na upimaji wa mwisho.

Hapo kwenye erthi nikusimamishe kidogo, kwa sababu ndipo roho za watu zilipo. Nimewaona vijana waliofunga nyumba kumi, nadhifu kabisa, ukiwauliza waya wa kijani na njano unafanya kazi gani wanajibu, fundi alisema uwekwe. Mmoja niliyekuwa nampima alikuwa ameuunganisha vizuri mpaka mwisho, lakini ule mwisho haukuwa umeshika fimbo iliyozikwa ardhini. Ulikuwa umeachwa umening'inia nyuma ya ukuta. Mwenye nyumba asingejua mpaka siku jiko la umeme au friji lingepata hitilafu na mtoto akaligusa peku. Na mkoa wetu una radi, hilo huhitaji kuambiwa na mimi. Kijana anayejifunza kwa kutazama tu huona mikono ya fundi. Sababu iliyomo kichwani mwa fundi haionekani. Ndiyo maana wenzetu wanalazimisha darasa pembeni ya kazi, na mwanao naye atahitaji mtu wa kumweleza sababu, awe fundi huyo au chuo.

Mkishakubaliana, andikeni. Nusu ukurasa unatosha, kwa maneno kama haya:

"Mimi fundi fulani wa mtaa fulani nimekubali kumfundisha kijana fulani ufundi wa kufunga umeme majumbani kwa muda wa miezi ishirini na minne. Miezi mitatu ya mwanzo ni ya kuangaliana. Nitamfundisha kazi zilizoorodheshwa nyuma ya karatasi hii. Nitampa chakula cha mchana na nauli kila siku ya kazi, na kuanzia mwezi wa saba nitampa sehemu ya malipo ya kila kazi tuliyoimaliza, itakayoongezwa kila baada ya miezi sita. Hatafanya kazi kwenye umeme uliowashwa mpaka atakapotimiza miaka 18 na mimi niwe nimesimama pale. Akiumia kazini, matibabu yatalipwa na fulani. Akimaliza nitamwandikia barua ya kuthibitisha aliyojifunza. Kijana hatachukua kazi kwa wateja wangu bila idhini yangu kwa muda wote wa mafunzo."

Kiasi cha pesa mtajaza wenyewe, nyinyi mnajua kazi zake zinalipaje. Sentensi ya mwisho usiiondoe, ni ya kumtuliza fundi. Ile ya matibabu nayo isibaki wazi: fundi mdogo wa mtaani mara nyingi hachangii Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kwa hiyo kijana akianguka kwenye ngazi hakuna wa kumlipia ila mliyemwandika. Sainini watatu, wewe, fundi na kijana mwenyewe, mbele ya mwenyekiti au mtendaji wa mtaa, apige muhuri. Nakala kila mmoja.

Halafu mnunulie daftari gumu la mistari. Kila jioni aandike tarehe, mtaa waliofanya kazi, kazi aliyoishika yeye kwa mikono yake, na kitu kimoja alichokielewa au kilichomshinda. Jumamosi fundi aweke saini. Kama ana simu yenye kamera apige picha kabla ukuta haujasilibwa, maana baada ya plasta kazi yake yote haionekani tena. Nalisisitiza daftari hili kuliko jambo lolote katika barua yangu. Kule Marekani mwanagenzi huandika saa zake hivyo hivyo. Siku mwanao atakapokwenda VETA kuomba ujuzi wake utambuliwe, mpimaji atamuuliza ushahidi. Wengi hutoa maneno. Yeye ataweka mezani daftari la miaka miwili lenye saini za kila juma. Mimi nimekaa upande ule wa meza, na nakuambia daftari la namna hiyo hubadilisha mazungumzo mara moja.

Umeuliza umtoe kwa fundi umpeleke chuo. Kama ada ipo na nafasi ipo, chuo ni njia fupi na salama zaidi, sitakuficha. Lakini usimtoe kwa fundi kabla hajapata nafasi, na hata akiipata, likizo arudi kwa huyo huyo fundi. Waliopitia chuo tu wanajua sababu, mikono yao mizito. Waliopitia kwa fundi tu, kinyume chake. Usipoweza ada mwaka huu, makubaliano na daftari vitamshikilia mpaka utambuzi wa ujuzi au tangazo la mafunzo ya kulipiwa litakapofika.

Cheti anakihitaji, tena sana. Leseni ya kufunga umeme hutolewa na EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, kwa madaraja, kuanzia la chini la kazi ndogo za majumbani, na huipati kwa kusema nimefanya kazi Mwanga miaka mitano. Wanataka vyeti na uzoefu. TANESCO, shirika la umeme, wakija kuunganisha nyumba wanataka kazi iwe imethibitishwa na mwenye leseni. Mafundi wengi wasio nayo hufanya kazi yote kwa jasho lao, kisha wanamlipa mwingine aweke muhuri, na pesa nzuri inakwenda kwa mwenye muhuri. Na kazi zinakuja upande wetu. Mkoa umefikiwa na gridi ya Taifa, kuna mradi wa umeme wa maji wa Malagarasi wa megawati 49.5, na mkataba wa reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Kwenye miradi ya namna hiyo mwenye cheti huandikwa fundi, asiye nacho huandikwa kibarua, hata kama siku hiyo wameshika waya mmoja.

Fundi akikataa kusaini, muulize anachokiogopa, kisha mparekebishe hapo pamoja. Akikataa kabisa hata kutaja atakachofundisha, basi umejua kwamba mwanao ni kibarua, na kibarua analipwa kila siku. Hapo mdai elfu zake, au mtafutie fundi mwingine. Mwandiga na Ujiji wapo wanaojenga na wanaohitaji vijana. Ukimtafuta, tafuta mwenye leseni kabla ya mwenye wateja wengi.

Na binti yako. Umemtaja mwishoni kabisa, kama mtu anayeomba radhi. Wasichana niliowafundisha umeme hawakushindwa na kazi; kilichowasumbua ni kutembea na mafundi wanaume mpaka usiku kwenye majengo yasiyo na milango. Kwa hiyo kwake mimi ningeanzia chuoni, kisha kwa fundi ambaye wewe mwenyewe umekwenda kuona anakofanyia kazi, na kwenye karatasi yake mwongeze mstari wa saa ya kurudi nyumbani. Kwa sasa asome hesabu na fizikia. Na Jumamosi, kaka yake anapoandika daftari, akae naye, amuulize kila waya ni wa nini. Kaka akishindwa kumjibu, swali hilo waliandike, Jumatatu alipeleke kwa fundi.